Kitabu Hiki Apewe Nani?

Sisi ni akina mama wa Miembeni, hapa Bukoba mjini. Mara nyingi tunaulizwa na wenzetu, "Mtoto wangu asome kitabu gani?" au "Nitajieni kitabu kizuri cha kuweka nyumbani." Swali ni jema, lakini bado lina nusu iliyobaki. Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tunajua kuwa huwezi kutaja dawa nzuri kabla hujaambiwa mgonjwa ni nani, ana umri gani na anaumwa nini. Dawa inayomwinua mtu mzima yaweza kumwangusha mtoto mchanga. Na vitabu ni hivyo hivyo. Anayependekeza kitabu bila kufikiri kitamfikia nani, amefanya nusu ya kazi tu.

Sisi tu akina mama 12. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, baada ya mazoezi ya kwaya. Kati yetu wamo walimu, wauza dagaa, wenye vishamba vya migomba na kahawa, wajane wawili, na bibi mmoja ambaye hakujaliwa kwenda shule. Bibi huyo tunamsomea kwa sauti, naye ndiye msikilizaji wetu mkali kuliko wote. Tukimaliza kitabu tunajiuliza maswali matatu. Kinasema nini? Apewe nani? Na ni nani asipewe, au asipewe kwa sasa? Swali hili la tatu ndilo hutuchelewesha kurudi nyumbani kupika.

Kitabu kilichotugombanisha

Kitabu kilicholeta ubishi mkubwa ni riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, iliyotoka mwaka 1971. Wengi mnakumbuka kuwa kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Ni habari ya binti wa kwanza wa Zakaria, baba mlevi na mkali kupita kiasi. Barua moja ya mvulana inamletea Rosa kipigo kikubwa. Anakua akiwaogopa wanaume badala ya kuwaelewa, na akishatoka kwenye macho ya baba yake anapotea vibaya. Mwisho wake ni wa kusikitisha sana, kwani anajiua.

Mwenzetu mmoja alikuwa amekikuta kitabu hiki kwenye mkoba wa binti yake wa kidato cha pili. Akakichukua, akakiweka juu ya kabati. Alituambia, "Nyumba yangu haiwezi kuwa na kitabu chenye mambo ya kutoa mimba." Mama mwingine akamjibu kwa upole, "Dada yangu, hayo mambo yako kitabuni tu? Hapa mtaani kwetu hayapo?" Tukanyamaza wote. Kisha bibi yetu akauliza, "Mwanangu, umekisoma?" Akajibu kuwa amesoma kurasa mbili, zile alizofungulia.

Tukakubaliana tukisome chote, kwa miezi miwili, bila kuruka ukurasa. Mwenye binti ndiye aliyetusomea sura nyingi. Alipomaliza alisema aliyemwumiza roho si Rosa peke yake, bali pia Regina, mama yake, anayebeba mzigo wa nyumba ya mlevi na kuona mambo yanaharibika mbele ya macho yake. Akasema, "Nilidhani kitabu hiki kinawafundisha wasichana ubaya. Kumbe kinatuuliza sisi wazazi."

Baadaye alikisoma upya pamoja na binti yake, kidogo kidogo, wakimenya ndizi. Walipofika kwenye ile barua, binti akauliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza mama yake: "Mama, na mimi nikiletewa barua, utamwambia baba?" Mwenzetu anasema alikaa kimya kwanza. Halafu akamwambia, "Tutaisoma kwanza mimi na wewe." Tangu siku ile binti huyo ameleta maswali mengine, na mengine ni mazito kuliko lile la barua.

Basi hukumu yetu ni hii. Rosa Mistika apewe msichana wa sekondari, lakini asome pamoja na mama, shangazi au mtu mzima anayemwamini. Wapewe pia akina baba, na wao hasa wasikikose. Asipewe kwa sasa binti aliye katika huzuni kubwa, au aliyewahi kutamka kuwa amechoka kuishi. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza, na apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kuchelewa wala kukemewa.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili la kusoma pamoja? Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983. Wengi wa rika letu walizika wazazi wakiwa bado wadogo, wakalelewa na bibi waliokwisha kuchoka. Mambo ambayo binti humwuliza mama yake jikoni, wao hawakupata wa kumwuliza. Leo wao ndio wenye mabinti, na wengine wanatuambia waziwazi, "Sijui nianzie wapi, mimi mwenyewe sikuambiwa." Kitabu chaweza kuwapa pa kuanzia. Ni rahisi zaidi kuzungumza juu ya Rosa kuliko kuzungumza moja kwa moja juu ya mwanao aliyekaa mbele yako.

Cha wanandoa na wakwe

Kwa walioolewa tunapendekeza Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza. Mzee huyu alikuwa wa Ukerewe, lakini alisoma seminari ya Rubya, hapa kwetu Muleba. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakikupata mchapishaji kwa miaka mingi. Mwisho alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981.

Ni habari ya mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka, hata wazazi wake wanamchukua arudi kwao. Myombekere hakimbilii kuoa mwingine. Anamfuata mkewe ukweni, anaomba radhi, na anatozwa mitungi ya pombe ya ndizi ndipo arudishiwe. Sisi wa nchi ya migomba tulicheka na kuhesabu kazi aliyopewa! Wako waliokwazwa na habari za waganga zilizomo. Tulikubaliana kuwa mwandishi anatuonyesha watu wa zamani walivyoishi, naye msomaji mzima anaweza kupima.

Kitabu hiki apewe kila mama mkwe mwenye ulimi mwepesi, na kila mke anayehesabiwa miezi na ndugu wa mume. Hapa tunaongeza neno la kliniki. Kukosa mtoto kwaweza kutokana na mke, au mume, au wote wawili, kwa hiyo vipimo vifanywe na wote wawili. Mwanamke asiachwe kwenda peke yake kama mshtakiwa. Kwa kuwa kitabu ni kirefu, someni sura moja kila jioni, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza.

Vitabu vya afya vina umri

Kitabu cha afya tunachokipenda ni Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kazi ya David Werner, aliyeiandika kwanza kwa ajili ya wanavijiji wa Meksiko. Kimeokoa wengi, na lugha yake ni nyepesi. Hata hivyo, sikilizeni sana hapa. Riwaya haichachi, lakini kitabu cha afya kinaweza kupitwa na wakati. Kabla hujakitumia, fungua kurasa za mwanzo uone mwaka kilipochapwa.

Kitabu cha zamani kitakuambia malaria inatibiwa kwa klorokwini. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na baadaye ikaja dawa mseto. Kitabu cha zamani chaweza kukuambia umwanzishie mtoto uji akiwa na miezi minne. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Yapo pia yasiyozeeka, kama kunawa mikono, kuchemsha maji na kumpa maji mtoto anayeharisha. Pakiti ya ORS ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo, huku safari ya kituo cha afya ikiandaliwa. Kwa hiyo kitabu cha afya apewe kila mama, lakini habari za dawa na vipimo vyake aulize kwanza kwa mhudumu wa sasa.

Vingine kwa ufupi

Watoto wa shule ya msingi tunawapa Hekaya za Abunuwasi. Watacheka, na huku wanajifunza kuwa akili ya mnyonge inaweza kumshinda mwenye nguvu. Lakini kaa nao uwaulize, "Hapa Abunuwasi alikuwa mwerevu au mwongo?" Mtawasikia wanavyobishana.

Kijana asiyependa kusoma, anayeshinda na simu mkononi, apewe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Mtu ameuawa, maiti imekutwa kwenye mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anatafuta ukweli kwa kufikiri wakati wengine wanahofia mashetani. Mwana wa mmoja wetu alikimaliza kwa siku tatu, akauliza kama kuna kingine.

Binti anayedharauliwa kwa kutoka katika nyumba ya kimaskini apewe Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alitoka kijiji cha Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu. Alibezwa. Lakini sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Vikundi vya akina mama vichukue tamthilia ya Penina Muhando iitwayo Nguzo Mama, ya mwaka 1982. Wanawake wanahangaika kusimamisha nguzo, na vikwazo vingine vinatoka kwao wenyewe. Tuliigiza sehemu yake, na kila mmoja alimtambua jirani yake. Kujitambua mwenyewe kulichukua muda zaidi.

Wapenzi wa ushairi wasome tenzi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya Mwana Kupona, aliyoitunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake. Ya pili ni Utenzi wa Hati, ambao Shaaban Robert aliutunga kumwusia binti yake. Mmoja ni wosia wa mama na mwingine wa baba. Hatukukubaliana na yote anayosema Mwana Kupona juu ya mke na mume, lakini sote tulitoka tukijiuliza tungemwandikia nini binti yetu kama siku zetu zingekuwa chache.

Wazee wasomewe Safari ya Msafiri ya John Bunyan, kitabu cha mwaka 1678 kilichotafsiriwa kwa Kiswahili tangu karne ya 19. Bibi yetu aliposikia habari za yule msafiri mwenye mzigo mgongoni, alisema, "Huyo namjua. Mimi nimebeba kuni miaka 50." Akatuomba turudie sura ile mara mbili.

Mambo ya kufanya

Mama mpendwa, huna haja ya kuwa na rafu kubwa ya vitabu. Kwanza, soma wewe kabla ya kumpa mtu au kumnyang'anya. Kurasa mbili hazitoshi kuhukumu. Pili, taja jina la mtu unayemwazia, na sababu yake. Usiseme tu "ni kizuri". Tatu, uliza maktaba ya mkoa, mwalimu wa shule au mtunza vitabu wa kanisani kabla hujanunua. Nne, ukiazimisha, andika kwenye daftari jina na tarehe, maana vitabu vingi vya kijijini hufa kwa kusahaulika kwenye nyumba za watu wema.

Na mwisho, mwanao akimaliza kitabu, usimpe mtihani. Mwulize tu ni wapi palipomgusa, kisha umwache aseme. Yawezekana akakuambia jambo ambalo ulikuwa ukilisubiri kwa muda mrefu.