Kulala Bwaise, Penye Jiko na Mtungi

Katika Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza ipo desturi ya zamani ya nyumba za wageni zinazojipikia bia. Msafiri hupewa kitanda ghorofani, chakula chini, na uani kuna mapipa yanayotoa povu. Watalii hulipa fedha nyingi ili wakalale katika nyumba kama hizo, na wakirudi makwao husimulia kana kwamba jambo hilo halipatikani kwingine duniani. Walakini askari aliyewahi kushuka taksi Bwaise wakati wa magharibi, basi la kwao likiwa limekwisha kuondoka, anajua kwamba kitanda, sahani na mtungi huweza kukaa chini ya paa moja hapa hapa Kampala, kilomita chache kaskazini ya katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Bombo. Tofauti ni kwamba nyumba ya Bwaise haina bango la kupendeza, na kitanda chake kimeinuliwa juu ya matofali.

Matofali hayo yana sababu. Bwaise ni bonde. Kusini yake kimeinuka kilima cha Makerere, kaskazini ni Kawempe, na upande wa mashariki liko soko la Kalerwe. Hapo kale palikuwa kinamasi cha mafunjo. Watu wakakifukia kidogo kidogo, wakajenga. Maji yashukayo vilimani hupita katika mfereji wa Nsooba kwenda kinamasi cha Lubigi, na kutoka huko huelekea upande wa kaskazini, wala hayaendi Ziwa Victoria kama wengi wadhanivyo. Barabara kuu ya mzunguko wa kaskazini, iliyokamilika mwaka 2009, nayo imepita katika bonde hilo hilo. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayabishi hodi. Ndiyo maana vizingiti vya milango ya Bwaise hujengwa virefu kama vya ghala, na katika kuta nyingi umebaki mstari wa kahawia unaoonyesha yalikofika mara ya mwisho.

Nyumba za wageni za mtaa huo si za namna moja. Zipo ambazo vyumba vyake hukodishwa kwa saa, na hizo si za kuzungumzwa katika ukurasa unaosomwa na watoto. Zipo pia za watu wanaotafuta riziki yao kwa jasho, ambao chumba cha mbele wamekifanya hoteli ya chakula, uani wamejenga vyumba vitano au sita kwa safu, na baina ya hoteli na vyumba wameweka vyungu vya pombe. Chumba peke yake hakilipi, maana kuna siku wageni ni wawili tu. Chakula hulipa kidogo, kwa kuwa mkaa ni ghali. Kinachobeba nyumba nzima ni mtungi.

Katika nyumba moja ya jinsi hiyo alifika koplo mmoja jioni ya mwezi wa Aprili, akitokea kambini Bombo kwenda likizo. Kwao ni Teso, na basi la Soroti alilolikusudia lilikuwa la alfajiri. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mwenye kitambaa kichwani na daftari mkononi. Alimwandika jina, kituo atokacho na kitambulisho, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kukaguliwa.

“Karibu, afande. Chumba kipo, na chandarua kipo. Chakula ni posho na maharage, au atapa kwa mboga ya karanga.”

Posho na maharage koplo alikuwa amekula mwaka mzima. Aliposikia neno atapa, yaani ugali mweusi wa wimbi, alimtazama mama yule vizuri zaidi, akamwamkia kwa lugha ya kwao: “Yoga.” Tangu hapo akaacha kuwa afande, akawa mwanangu.

Habari za mama huyo zafaa kuelezwa, kwa sababu familia nyingi zisomazo ukurasa huu zitazitambua. Mumewe alikuwa konstebo wa polisi. Waliishi kambini, na huko ndiko alikojifunza kupika pombe kutoka kwa wake wa askari wenzake, kwa maana mshahara wa konstebo na watoto wanne ni mambo mawili yasiyolingana. Mumewe alipofariki ilimbidi ahame, kwani chumba cha kambi ni cha mwenye namba. Alitoka na watoto, godoro, karai la kukaangia na vyungu viwili. Karai na vyungu ndivyo vilivyojenga nyumba ya Bwaise.

Pombe anayoipika ni ile Wateso waiitayo ajono, na ambayo Kampala nzima huijua kwa jina la malwa. Asiyeijua hudhani ni kazi ya siku moja. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji, ukafunikwa na kuachwa uchachuke kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha hukaangwa juu ya karai pana, ukigeuzwa bila kupumzika mpaka ugeuke rangi na kutoa harufu kama ya mkate ulioungua kidogo, halafu huanikwa juani. Unga huo mkavu waweza kuwekwa miezi bila kuharibika, nao ndio akiba ya mpishi. Siku ya kupika huchanganywa na maji pamoja na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Baada ya siku tatu au nne pombe iko tayari. Haichujwi. Hutiwa mtungini na machicha yake, juu yake humiminwa maji ya moto, na wanywaji huketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo nchani. Maji ya moto huongezwa kila mtungi unapopungua, hata ladha iishe.

Duara hilo lina adabu zake. Hapulizi mtu katika mrija, wala hachungulii mtungini. Vikundi vingi vya wanywaji wa Kampala vina mwenyekiti, mweka hazina na faini, na wengine huchangishana hapo hapo fedha za msiba na za ugonjwa. Msomaji asiyekunywa asicheke. Vipo vyama vyenye ofisi na mihuri ambavyo havina nidhamu ya namna hiyo.

Kabla koplo hajaketi, mama alimwuliza jambo ambalo mwenye baa hakupaswa kuliuliza.

“Fedha za nyumbani umekwisha kuzituma?”

Koplo alijibu kwamba alikusudia kuzipeleka mwenyewe. Fedha za simu, alisema, hazina uso. Mke hupata mlio tu, na watoto hawamwoni baba akitoa noti mfukoni. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mtu akaaye mbali na watoto wake miezi tisa hutamani kuonekana akitoa. Mama hakubishana naye. Alimwonyesha kibanda cha wakala ng’ambo ya barabara, akasema hufungwa saa mbili. Koplo alivuka, akatuma karo, na zilizobaki akazirudisha mfukoni ili apate cha kutoa kwa mkono.

Usiku ukaingia, duara likajaa. Palikuwa na fundi wa viatu, mlinzi wa ghala aliyekuwa akisubiri zamu, na waendesha bodaboda wawili. Askari akiwa likizo katika duara la namna hiyo ni mtu mkubwa. Huulizwa habari za vita na za Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda kulinda amani mwaka 2007, na kila jibu huongeza heshima yake. Na heshima ikizidi, mtungi hupungua. Koplo alilipia wa kwanza. Ulipopoa na kuwa maji matupu, alilipia wa pili.

Hapo mmoja wa wale vijana wa bodaboda akatoa mfukoni kichupa kisicho na karatasi, akasema malwa ni uji, afande anastahili kitu cha kiume. Kilikuwa waragi.

Kinywaji hicho kina historia inayomhusu askari. Wengine hudai kwamba jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya “jini ya vita”. Wengine hulitoa katika neno araki, ambalo lingeweza kufika nchini pamoja na askari Wanubi ambao wajukuu wao wangali Bombo. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Baadaye ilitungwa Sheria ya Enguli, iliyotaka kila mtoneshaji awe na leseni na auze kiwandani, ambako kinywaji hicho husafishwa upya. Sheria ilibaki vitabuni, na mapipa yakaendelea kuchemka mabondeni. Mwaka 2010, huko Kabale, watu wapatao 80 walikufa katika muda wa majuma machache kwa kunywa waragi uliochanganywa na methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani. Mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku pombe kali za pakiti ndogo, zile ambazo hata mtoto wa shule aliweza kuzificha katika soksi.

Hapa inafaa kusemwa wazi, kwa ajili ya nyumba zote zenye mnywaji. Methanoli haionekani kwa macho wala haitambulikani kwa ulimi. Wanaowasha kibiriti juu ya kijiko na kutazama rangi ya mwali wanajidanganya. Mtu aliyeinywa huweza kulala vizuri, halafu baada ya saa 12 au zaidi akaanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, na kuona ukungu. Huyo si wa kuachwa alale “ulevi umtoke”. Apelekwe hospitali mara moja, maana dawa ipo, lakini ikichelewa macho hayarudi.

Mama alikuja kutoka jikoni, akakitazama kichupa, akasema hakikutoka kwake na hakitanyweka kwake. Kijana akakirudisha mfukoni. Kisha akamgeukia koplo: “Na wewe mwanangu, kwako mitungi imekwisha. Basi lako ni la alfajiri.”

Koplo aliona haya mbele ya watu, na haya ya askari hugeuka hasira upesi. Alisema fedha ni zake. Mama alikubali kwamba ni zake. Hakuongeza neno, ila alichukua mrija wake, akausuuza, akautundika ukutani.

Si wema mtupu uliomfanya atende hivyo, na haifai kumpamba. Mgeni akiibiwa akiwa amelewa, polisi watakuja. Wakija mara mbili, leseni itakuwa mashakani. Lakini mtungi wa tatu ulikuwa na faida, na faida hiyo ilikuwa na kazi. Mwanawe wa mwisho yuko shule, na karo yake hutoka mtungini. Fedha zilizokuwa mfukoni mwa koplo zilikuwa zinaitwa na watoto wa nyumba mbili, mmoja Bwaise na mwingine Teso, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kosa. Anayelaumu wanawake wapikao pombe aseme pia mjane yule angeuza nini kingine, kwa karai na vyungu viwili. Naye anayewasifu akumbuke nyumba ambazo mshahara huishia barabarani kabla ya kumfikia mke.

Saa nane za usiku mvua ilianza. Koplo aliamshwa na sauti za watu na mlio wa sufuria, akatia mguu chini, akaukuta maji ya baridi yakifika kifundoni. Uani mama na watoto walikuwa wakihamisha magunia ya unga mkavu kutoka ghalani kwa mwanga wa simu. Haya ya jioni yakasahaulika. Koplo na mlinzi wa ghala, ambaye hakufika zamuni usiku ule, walipandisha magunia juu ya meza za hoteli, kisha vyungu, kisha godoro la mtoto. Magunia mawili ya chini yalikuwa yamekwisha kulowa. Unga uliokwisha kukaangwa ukilowa kabla ya wakati wake huchacha ovyo, na kazi ya majuma mawili huharibika.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepungua, yakiacha tope na mstari mpya ukutani, chini kidogo ya ule wa zamani. Koplo alikunywa chai ya rangi, akalipa chumba, chakula na mitungi miwili. Mama aliandika kila kitu daftarini, akamhesabia chenji yake. Koplo aliiacha mezani, chini ya bakuli, akaondoka bila kusema.

Alikuwa amesimama stejini akisubiri taksi ya kwenda mjini alipomwona yule mtoto wa mwisho akija mbio, miguu imejaa tope. Alimkabidhi chenji yote, akamwambia, “Mama asema uliisahau.” Koplo alitaka kumpa noti moja, lakini mtoto alikwisha kugeuka kurudi, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kutoka na unga uliolowa ulitakiwa kuanikwa juu ya mabati.