Lami Katikati ya Shamba

Majaruba ya baba mdogo yako kusini mwa barabara ya Tinde kwenda Kahama. Nyumba na ghala viko kaskazini, kilomita tatu mbele. Katikati, usiku na mchana, hupita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo.

Baba mdogo ana guta, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Wakati wa mavuno hubeba mpunga. Kiangazi kikikolea, mwanawe huenda nalo Nyarugusu, Geita, kubeba viroba vya mawe kutoka mashimoni hadi kwenye karasha.

Madereva wa malori humpigia honi: guta lirudi shambani! Wanadhani kuna njia nyingine. Ipo ya udongo, lakini hii ni mbuga nyeusi. Mvua ikinyesha, gurudumu huvaa tope likagoma kuzunguka. Udongo unaotupa mpunga ndio unaotunyima njia.

Uingereza wana usajili maalumu kwa chombo cha shambani kinachopita barabarani kutoka kipande kimoja cha ardhi kwenda kingine cha mtu huyohuyo. Kinasamehewa kodi ya gari, mradi safari isizidi kilomita 1.5. Nilipomweleza baba mdogo, alicheka: "Mimi wangenikamata katikati ya safari." Na mawe ya Nyarugusu je? Guta letu ni la mkulima Juni, la mchimbaji Septemba. Hata hivyo nilipenda wazo lenyewe, kwamba sheria inaweza kukiri kuwa shamba haliishii ukingoni mwa lami.

Msimu uliopita, magharibi, lori lilimgonga jirani yetu kwa nyuma. Mabua aliyopakia yalining'inia yakaziba taa. Msibani wapo waliouliza alifuata nini barabarani. Alifuata kwake. Tuta la lami lilipopandishwa kati ya jaruba na nyumba, halikuachiwa ukingo mpana wa kupitisha guta, baiskeli wala mkokoteni wa ng'ombe.

Baba mdogo amefunga vipande vya kuakisi mwanga juu ya turubai lenyewe, si kwenye bodi, ili mzigo usivizibe. Tena saa kumi na moja jioni huondoka, hata kama magunia hayajaisha. Yanayobaki hulala jarubani, na lazima mtu mmoja alale nayo.