Ganda la Kaa na Urithi wa Bakteria

Sote twajua ya kuwa mtoto hurithi sura na tabia kwa wazazi wake. Walakini wako viumbe wadogo mno, wasioonekana ila kwa hadubini, ambao huweza kupokea urithi kwa asiyewazaa, hata kwa maiti. Hao ndio bakteria. Na jambo lililonishughulisha sana katika habari zao ni hili: huupokea urithi huo, au huukataa, kwa kadiri ya chakula walichopewa na mahali walipowekwa.

Habari yenyewe ilianza Uingereza. Mwaka 1928 Daktari Fred Griffith alikuwa akichunguza bakteria wa kichomi. Wengine huvaa koti laini, nao huua panya. Wengine hawana koti, wala hawadhuru. Akawaua kwa joto wale wenye koti, akawachanganya na walio hai wasio na koti, akawadunga panya. Panya wakafa, na katika damu yao akaona bakteria wazima wenye koti. Mwaka 1944, huko New York, Oswald Avery na wenziwe wawili, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, wakaonyesha ya kuwa kitu kilichotoka kwa wafu kikaingia kwa walio hai ni DNA, yaani ule uzi mrefu ulioandikwa urithi ndani yake.

Vitabu vya shule hukomea hapo. Mimi hupenda zaidi jambo ambalo vitabu hulipita upesi, nalo ni mchuzi. Mabwana wale walikuza bakteria wao katika mchuzi wa moyo wa ng'ombe, wakaona ya kuwa mchuzi wa leo wafaa na wa kesho haufai, ingawa umepikwa namna ile ile. Hata walipousafisha kwa makaa ndipo tofauti zile zilipopungua sana. Tena ilikuwa lazima kuutia majimaji ya damu au ya mwilini. Mama agandishaye maziwa hatastaajabu, kwani ajua ya kuwa kibuyu kimoja hugandisha vema na kingine huharibu. Na wako wafugaji wasafishao vibuyu vyao kwa makaa vile vile.

Baadaye mengine yakajulikana. Yuko bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus subtilis. Akilishwa vinono hana haja na DNA iliyo nje. Bali akiwekwa penye chakula haba, chenye sukari na chumvi chache tu, hufungua mlango. Hayo aliyaandika John Spizizen mwaka 1958. Yule wa tumboni, E. coli, ni mkaidi; mwaka 1970 Mandel na Higa walimlegeza kwa maji yenye chumvi ya kalsiamu, yaliyopozwa kama barafu.

Lakini habari inayotuhusu sisi ni ya kipindupindu. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo cha Stanford, Marekani, walionyesha ya kuwa bakteria wa ugonjwa huo, akikua juu ya kitini, huanza kupokea DNA ya wengine. Kitini ndicho kitu kigumu cha maganda ya kaa na kamba. (Neno lafanana na kiti chetu, ila hawana udugu.) Penye sukari ya glukosi tele, tabia hiyo hufifia. Ganda la kaa basi kwake ni chakula na shule pamoja.

Nalimsimulia hayo mzee mmoja wa kanisa letu, naye akaniuliza, "Mwalimu, kiumbe asiye na kinywa apokeaje kitu cha mwenzake?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, ana kamba nyembamba sana. Huitoa nje kama mvuvi atupavyo mshipi. Ikinasa uzi wa DNA, huivuta ndani. Mwaka 2018 watu waliiona kwa hadubini."

"Basi ni mwizi."

"Ni mwizi, tena muuaji. Mwaka 2015 huko Uswisi walionyesha ya kuwa, akiwa juu ya kitini, huwachoma jirani zake kwa kitu mfano wa mkuki, wakapasuka, naye akatwaa DNA yao."

Mzee akacheka. Walakini nalikuwa na sababu ya kumweleza, kwa maana ndiye aliyekuwa akisema mbele ya watu ya kuwa waliougua kipindupindu zamani miili yao imezoea, na maji ya kuchemshwa ni ya watoto. Kweli aliyeugua hupata kinga, ingawa hupungua miaka ipitapo. Lakini mwaka 1992 ilitokea Bara Hindi aina mpya, O139, iliyovaa koti jingine, nayo ikawashika hata watu wazima ambao miili yao ilikuwa imezoea aina ya kale, O1. Na mwaka 2007 wawili wa wale wataalamu wa Stanford walionyesha ya kuwa juu ya kitini bakteria wa O1 aweza kupokea DNA ya O139, akalivua koti lake na kuvaa lile jipya. Adui aliyebadili nguo hatambuliwi na mlinzi.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekusikia. Lakini kuni za kuchemsha maji ya watu tisa kila siku, nani atazileta?"

Swali hilo ni la haki, wala si la kujibiwa kwa kumkaripia mtu. Nikamwambia ya kuwa dawa ya klorini yatosha, ikitiwa kwa kipimo chake. Na asiyekuwa nayo aweza kujaza maji yasiyo na tope katika chupa za plastiki nyeupe, zisizozidi lita 2, akazilaza juani kwa saa 6, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu mengi. Akaniuliza kama chupa za kijani zafaa, maana anazo nyingi. Nikamwambia hazifai.