Kuonja kwa Haki



Mara nyingi mmetuuliza, na swali lenu ni la haki: yawezekanaje sisi makatekista, tunaowafundisha kiasi, tuketi mezani Jumapili jioni na chupa za bia, tukizionja na kuzitia alama kama karatasi za mtihani? Wengine wenu mmecheka. Wengine mmehuzunika, kwa maana nyumbani kwenu pombe imeleta machozi. Kwa heshima ya hao wa pili tumeona vema kujibu kwa maandishi.

Sisi ni walimu watatu, na sote tumepita miaka hamsini. Hatuuzi pombe, wala hatuna cheo chochote katika ufundi huo. Twaupenda tu, kama wengine wapendavyo mpira au kwaya. Jambo lilianza pale mgeni kutoka Ubelgiji alipotuletea chupa chache za bia ya watawa Watrapisti. Chupa ya Chimay ya rangi ya buluu ina sentilita 33, na kilevi chake ni asilimia 9. Ikigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja hupata sentilita 11. Kiasi hicho ni kidogo, lakini chatosha kwa nusu saa ya kazi.

Twasema kazi, kwa sababu kuonja kuna utaratibu. Waamuzi wa mashindano ya bia kule Marekani hutumia karatasi yenye jumla ya alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, jinsi kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Tazameni: sura, ambayo macho huikimbilia kwanza, imepewa 3 tu. Tena kila alama yadai sababu iliyoandikwa. Mtu hawezi kuandika "nzuri" akanyamaza. Yampasa aseme kwamba amesikia harufu ya karafuu au ya ndizi mbivu, kwamba uchungu huu watoka katika maua ya hopsi, na utamu ule katika kimea kilichokaangwa. Huanza na bia nyepesi na kumaliza na ile nzito. Kati ya glasi na glasi hunywa maji na kula mkate mkavu. Sisi hatuzidishi aina nne kwa jioni moja, kwa kuwa ulimi uliochoka haupimi vizuri, na ulimi wa mlevi haupimi kabisa.

Chupa nazo hufunikwa kwa gazeti, ili jina na bei visitie alama kabla yetu. Katika arusi ya Kana, msimamizi wa karamu alionja divai asijue imetoka wapi. Watumishi ndio waliojua. Kwa sababu hiyo neno lake lina uzito: hakumsifu mtu, alisema lile alilolikuta katika kikombe. Ndivyo ilivyo hata katika kusahihisha. Jina la mwanafunzi likifichwa, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi hupimwa kwa kalamu moja.

Katika watawa hao tulijifunza jambo jingine. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, yamruhusu mmonaki kipimo cha divai kwa siku, lakini asinywe hata kushiba. Yawaagiza pia waishi kwa kazi ya mikono yao. Watawa wa Scourmont walianza kupika bia ya Chimay mwaka 1862, na ni abasia hiyo hiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto, kwetu Kivu, mwaka 1954. Bia haistahili kuitwa ya Kitrapisti isipotengenezwa ndani ya eneo la monasteri, chini ya uangalizi wa watawa, na faida yake ikatumika kwa mahitaji yao na kwa kuwasaidia maskini. Mwaka 2005 wapenzi wa bia waliitaja ile ya Westvleteren kuwa bora kuliko zote duniani. Watu wakapanga mstari wa magari mlangoni mwa abasia, na bia ikaisha. Watawa hawakuongeza kiasi cha kupika. Wao hupika ili wapate kuishi kitawa, na alama za watu wa nje hazikubadili ratiba yao ya sala.

Baada ya kuonja za wageni, tuliona si haki kuiacha yetu. Tukatafuta kasiksi kutoka nyumba tatu za mtaani. Mmoja wetu alitaka kuitia alama kwa karatasi ile ile ya bia: haina povu la kukaa, ni nzito kwa macho, punje za mtama zaelea juu. Lakini sheria ya kwanza ya waamuzi ni kwamba kila kinywaji hupimwa katika aina yake. Mwanafunzi hapewi sifuri ya hesabu kwa sababu hakuandika shairi. Basi tuliwaendea wazee wa kike wanaoijua kazi hiyo, tukawauliza kasiksi njema ni ipi. Walitueleza jinsi ndizi zinavyoivishwa siku kadhaa, zikakamuliwa kwa majani, na maji yake matamu yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Njema, wakasema, hunukia ndizi na mtama, na uchachu wake haukwaruzi koo. Kwa maneno yao tukaandika karatasi yetu.

Ya kwanza ilipata 38 juu ya 50, ya pili 35, ya tatu 19. Hiyo ya tatu ilikuwa imegeuka siki, kama itokeavyo pombe ikikaa wazi katika chombo chenye mabaki ya zamani. Tulipofunua, tulikuta ni ya mama mmoja ambaye kwa pombe hiyo huwalipia watoto wake shule. Alama 19 ikitembea mtaani, yaweza kuwatoa watoto darasani. Tulikubaliana kutoitaja kwa yeyote, ila kumpelekea yeye mwenyewe ile sababu.

Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Walimu, mtumbwi ule wa pombe siuoshi kwa maji ya moto kwa sababu kuni ni ghali. Na hiyo mnayoiita siki iliisha yote Jumamosi, jua likingali juu. Wanaokuja kwangu hawaonji. Wanameza."

Hatukuwa na jibu la haraka. Twajua kwamba ulevi humharibu mtu na nyumba yake. Tumeufundisha hivyo miaka mingi. Mama huyu alituonyesha jeraha jingine: mahali ambapo hakuna aonjaye, kazi njema na kazi mbaya hulipwa bei moja. Mlevi hamuheshimu hata yule aliyempikia.

Tangu hapo, kila mara apikapo twanunua nusu lita kwake, kwa bei yake, na kumweleza tulichokikuta. Siku hizi hutangulia kuuliza: "Leo mwanipa ngapi?" Mara ya mwisho alipata 31, na mtumbwi ulikuwa umepitishwa maji ya moto. Majerikani mengine bado huenda kwa wamezao. Hilo nusu lita yetu haiwezi kuliponya.

Msichukue maneno haya kuwa ruhusa. Asiyetimiza miaka 18 asubiri. Na yeyote ajuaye kwamba glasi moja humvuta kwenda ya kumi, njia yake ni kuiacha ile ya kwanza, na sisi twamheshimu kuliko mwonjaji yeyote. Ufundi wa kuonja hauhitaji kilevi. Kahawa ya Kivu huonjwa kwa alama 100, na ifikayo 80 huhesabiwa kuwa kahawa maalumu. Mkulima akiambiwa sababu ya alama zake, ajua la kurekebisha katika kuvuna, kuosha na kukausha. Kijana mwenye ulimi mtulivu na kalamu ya kweli ana kazi ya kufanya hapo.

Kwa kushirikishana katika kikundi:

1. Ni kazi ya nani tunayoimeza kila siku bila kuionja: chakula cha mama, somo la mwalimu, wimbo wa kwaya?
2. Mara ya mwisho tulipomhukumu mtu, je, tulimpelekea sababu yeye mwenyewe, au tuliitembeza alama mtaani?
3. Katika mtaa wetu, tufanye nini ili mama apikaye pombe apate njia nyingine ya kulipa shule?