Okoa Kwanza

Kompyuta yangu mpakato ilianza kuwa nzito mwaka ule tuliomzika baba. Mwanzoni ilikuwa ikichukua dakika tatu au nne kuwaka. Kufikia mwaka jana nilikuwa naiwasha kabla ya sala ya asubuhi nyumbani, tunasoma Neno, tunaimba, tunaomba, nakunywa chai, na nikirudi mezani naikuta bado haijawa tayari. Nikifungua mahubiri, maandishi yanaganda. Nikibonyeza herufi, inatokea wakati nimeshasahau nilitaka kuandika nini.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mwinjilisti wangu alisema ni virusi, nikaweka programu ya kuviua. Mzee mmoja wa kanisa alisema imejaa picha, nikafuta picha za semina na za harusi. Mwingine akanishauri niongeze memori. Nikaongeza, nikalipa, na hali ikabaki ileile. Mimi mwenyewe nikahitimisha kwamba ni uzee tu, kama sisi sote.

Lakini kuna jambo inanipasa niliungame mapema, maana bila hilo hii ni habari ya mashine tu. Uzito wa kompyuta ile ulikuwa unanifaa.

Ndani yake kulikuwa na sauti ya baba. Miezi michache kabla hajafariki nilimtembelea, nikaweka kinasa sauti mezani, naye akasimulia kwa dakika 40 hivi: alivyochunga ng'ombe, alivyobatizwa akiwa kijana mkubwa, alivyomwoa mama. Nilifanya hivyo mara moja tu. Aliyeishi naye, aliyemwogesha na kumlisha katika miaka yake ya mwisho, ni mdogo wangu. Naye hakuwa na sauti ya baba hata ya sekunde moja.

Baada ya mazishi, katika kikao cha ukoo, mdogo wangu alisema mbele ya wazee wote: "Kaka, wewe umezika baba za watu wengi. Wa kwetu uliniachia mimi." Nilinyamaza. Watu walidhani ni upole wa kichungaji. Ilikuwa hasira. Alilosema lilikuwa na ukweli ndani yake, na alikuwa amelisema mbele za watu.

Miezi kadhaa baadaye alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Naomba ile sauti ya baba." Nikajibu: "Marahaba. Kompyuta ni nzito sana, ikipona nitakutumia." Pasaka iliyofuata akaomba tena. Nikajibu vilevile. Sikuwa nimesema uongo, kwani kompyuta ilikuwa nzito kweli. Hivyo ndivyo nilivyoituliza dhamiri yangu kwa miaka mitatu.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Majilio, faili la mahubiri lilikataa kabisa kufunguka. Nikaibeba kompyuta hadi kwa kijana mmoja niliyemfundisha kipaimara, ambaye siku hizi ni fundi karibu na stendi.

"Shikamoo Baba Mchungaji."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa huyu hapa."

Hakukimbilia bisibisi. Aliuliza kwanza. Ilianza lini? Ni nzito wakati wote, au ukifungua mafaili fulani tu? Imewahi kuanguka? Inatoa mlio? Nikamwambia kuna mlio, tik, tik, kama saa ya ukutani. Akainamisha sikio kama daktari. Kisha akaiwasha, akasubiri kwa uvumilivu kuliko mimi, akafungua ukurasa unaoonyesha kazi zinazoendelea ndani ya mashine. Ubongo wa kompyuta ulikuwa karibu hauna kazi. Memori ilikuwa na nafasi tele. Lakini diski, pale mafaili yanapotunzwa, ilionyesha asilimia 100, na huku ilikuwa ikisoma kiasi kidogo mno.

"Unaona, Baba? Inahangaika sana, inabeba kidogo."

Akaweka programu ndogo inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe hujiandikia. Ikatokea rangi ya njano ya tahadhari. Hapo ndipo aliponieleza, nami nikajifunza kitu nikiwa na umri wangu huu.

Ndani ya diski ya aina ile kuna sahani nyembamba. Zangu zilikuwa zikizunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea bila kuzigusa. Sahani hizo zimegawanywa katika vipande vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo mafundi huviita sekta. Sekta ikichakaa, diski haipigi kelele. Ina vipande vya akiba, hivyo huhamishia kazi huko na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sekta ikisomeka kwa shida, diski huirudia tena na tena kabla ya kukata tamaa, na muda wote huo wewe umekaa unasubiri. Huo ndio uzito wenyewe.

"Kwa hiyo ilikuwa inajua?" nikauliza.

"Ilikuwa inajua, Baba. Imeandika yote. Ila hakuna aliyesoma."

Nikamwambia basi airekebishe. Nilikuwa nimesikia kwamba kompyuta ina njia yake ya kujikagua na kujitengeneza. Akatikisa kichwa. "Hapana, Baba. Ukiilazimisha ijitengeneze katika hali hii unaweza kuimaliza. Tuokoe kwanza yaliyomo. Habari ya kutengeneza tutaiona baadaye, na diski yenyewe haitapona, tutaibadilisha. Una nakala mahali pengine?"

Sikuwa nayo.

"Kuna kitu gani humu ambacho hakipatikani popote?"

Nilifikiri mahubiri ya miaka yote ile. Nikaona kwamba Neno lipo, nitahubiri tena. Nikafikiri taarifa za usharika. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vipo ofisini kwa maandishi ya mkono. Nikajikuta nasema kwa sauti ndogo: "Sauti ya marehemu baba yangu." Na papo hapo nikakumbuka aliyeiomba mara mbili.

Fundi aliitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake, na kuanzisha programu ya kunakili. Alinieleza kwamba programu hiyo huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, halafu ndipo hurudi taratibu kwenye sehemu zilizoharibika. "Niachie siku mbili," akasema.

Usiku ule sikulala vizuri. Kila Jumapili naongoza washarika katika ungamo la dhambi, na sauti yangu huwa ya kwanza. Lakini niliona kwamba kwa miaka mitatu ungamo langu lilikuwa sawa na kusema "kompyuta ni nzito". Ni kweli, ila halionyeshi sekta hata moja. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapofundisha kuhusu ungamo, anamtaka mtu ajitazame katika nafasi aliyowekwa: je, wewe ni baba, ni mama, ni mtoto, ni mtumishi? Umemkosea nani pale ulipo? Nimewafundisha vijana wa kipaimara sehemu hiyo miaka mingi. Mimi nilikuwa mtoto wa baba na kaka wa mtu, na mahali hapo nilikuwa napazunguka. Zamu ya kuhubiri habari za Yakobo na Esau iliponifikia, nilimpa mwinjilisti. Nikienda kijijini kwetu nilipita njia ya chini nisikutane na mdogo wangu. Na maombi yangu yalipokuwa mazito, niliita uchovu wa huduma.

Nilikuwa nangoja nipoe kwanza, moyo utulie, ndipo niende. Lakini Paulo anawafundisha Warumi kwamba Kristo hakungoja tuwe wema ndipo afe kwa ajili yetu. Alituokoa kwanza, na kututengeneza bado anaendelea. Na katika Mathayo sura ya 5, Yesu anapozungumza juu ya sadaka na ndugu mwenye jambo na wewe, hamwambii mtu asubiri moyo upone. Anamwambia aende.

Siku ya tatu fundi alinipigia. Karibu yote yalikuwa yamepatikana. Sauti ya baba ilikuwepo, ila palikuwa na mapengo mawili. Nilisikiliza nikiwa nimesimama pale kibandani kwake. Katika pengo la pili baba anasimulia siku ya ubatizo wake, anasema kulikuwa na mtu aliyemshika mkono hadi kanisani, na kabla hajamtaja, kimya. Kisha anaendelea na habari nyingine. Kama ningeituma mara ya kwanza nilipoombwa, huenda ingekuwa nzima. Hilo hakuna fundi wa kulirudisha.

Nilinakili sauti ile kwenye flashi, nikapita njia ya juu. Mdogo wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimwambia nimemkosea, nikataja moja moja: kumwachia baba, kukasirikia ukweli, kumnyima sauti. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Karibu ndani, kaka."

Tulisikiliza pamoja na mkewe na watoto. Lilipofika lile pengo, nilianza kueleza kwamba hapo pameharibika. Mdogo wangu, macho yakiwa chini, akasema: "Alikuwa shangazi yake. Alikuwa ananisimulia kila nikimwogesha."

Kompyuta yangu sasa ina diski mpya isiyo na sahani za kuzunguka, inawaka upesi, na mafaili yangu nayatunza mahali patatu. Nawashauri washarika wote mfanye hivyo wiki hii, kabla ya kusikia mlio. Na kama kuna mtu aliyekuomba kitu ukamjibu "nitakutumia", usingoje kwanza uwe sawa. Nenda.