"Ejo" ya Kamembe: Jana au Kesho?

Msafiri afikapo Kamembe, wilayani Rusizi, huliona Ziwa Kivu chini ya vilima, na mto Rusizi ukitoka ziwani kuelekea Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, Kongo. Kwa sababu ya ujirani huo Kiswahili kilizoeleka sokoni hapa muda mrefu kabla ya mwaka 2017, kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda.

Hata hivyo, mgeni hana budi kujifunza neno moja dogo la Kinyarwanda: ejo. Maana yake ni jana. Maana yake pia ni kesho. Nalo ejobundi ni juzi, tena ni kesho kutwa.

Ubishi huzuka penye deni. Mama anayeuza sambaza, wale dagaa wa Kivu, akiulizwa habari za mteja wake, aweza kujibu, "Yishyuye ejo," yaani alilipa jana. Akisema, "Azishyura ejo," mteja atalipa kesho. Asiyejua hulisikia ejo tu, akadhani fedha zimo mkobani kumbe bado ni ahadi. Siri imo katika kitenzi: ile "za" ndiyo ibebayo wakati ujao.

Wenyeji wakitaka kuondoa shaka husema ejo hashize kwa siku iliyopita, na ejo hazaza kwa ijayo.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini Kamembe, kabla ya kulipa au kudai, sikiliza kwanza kitenzi. Na usipoelewa, uliza: kuuliza si ujinga.