Wanachoogopa ni Masikio

Kuna swali ambalo kila anayetunga kwa Kiswahili hapa Nairobi ameshaulizwa, na kama hujaulizwa bado, ngoja tu: "Lakini wewe, kwa nini usiandike Kizungu?" Huulizwa na rafiki, tena kwa nia njema. Jamaa mmoja tunayesoma naye mashairi Jumamosi aliniongezea sababu ambayo sikuwahi kuisikia. Aliniambia hivi: ukiandika Kizungu na serikali ikakukamata, dunia itakujua, na watu wa haki za binadamu watakupigia kelele. Ukiandika Kiswahili utaozea ndani, na hakuna atakayejua ulisema nini.

Tulicheka, lakini maneno yale hayakunitoka. Nilianza kuwahesabu waandishi wetu waliofungwa, kila mmoja na lugha aliyofungiwa. Hebu msomaji tuhesabu pamoja.

Wa kwanza ni mzee Gakaara wa Wanjaũ. Oktoba 1952, Waingereza walipotangaza hali ya hatari, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa mapema kabisa. Alizungushwa kambi moja hadi nyingine mpaka hali ya hatari ilipokaribia kwisha. Kwani alikuwa na kosa gani? Alikuwa akiandika na kuchapisha vijitabu vya Gĩkũyũ, vitu vya bei ndogo ambavyo mtu angenunua sokoni na kwenda kuwasomea wenzake nyumbani. Huko kizuizini aliandika shajara. Ilichapishwa mwaka 1983, kwa Gĩkũyũ hicho hicho, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu barani Afrika.

Wa pili ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 kijana huyu, mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika karatasi yenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Ilikuwa kurasa chache tu za Kiswahili zilizopitishwa mkono kwa mkono. Serikali ya Kenyatta iliita uchochezi, akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Alipoingia jela alikuwa na umri wa miaka 22. Fikiria, miaka 22! Wengi wetu umri huo tulikuwa tunahangaika na shairi la kwanza la mapenzi.

Ndani aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na karatasi hizo zikatoka nje. Zikawa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Mwaka 1974 diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani tuzo yenye jina la rais ilikwenda kwa mtu aliyefungwa na serikali ya rais huyo huyo, kwa mashairi aliyoyaandika jela. Dunia hii ina vituko.

Kuna shairi humo linaitwa "Siwati". Siku tuliyolisoma kwenye kikundi chetu, yule jamaa yangu alinyoosha mkono. Yeye ni mtoto wa Kariobangi, Kiswahili chake amekiokota mtaani na darasani. Akauliza: "Kuwata ndio nini?" Mimi nyumbani kwetu ni Mombasa, kwa hiyo nilimjibu kwamba ni kuacha. Siwati ni Kimvita. Kiswahili cha vitabu vya shule kingesema siachi. Akalirudia neno lile mara mbili tatu, kama mtu anayeonja kitu. Jumamosi iliyofuata alikuja na shairi lake la Sheng kuhusu mama mboga aliyevunjiwa kibanda na askari wa kanjo, na katikati ya Sheng yote ile mama anawajibu kwa neno moja: siwati.

Kuna jambo nililielewa siku ile. Mtu yuko peke yake ndani ya seli, amenyang'anywa jina, nguo, saa na kalamu. Kilichobaki ni lugha ya mama yake, lahaja ya mtaa wake, na zile mizani na vina alivyovisikia tangu utotoni kwa wakubwa zake. Shairi la arudhi lina faida ambayo sisi vijana wa mashairi huru huwa tunaidharau: linashikika kichwani. Karatasi ikinyakuliwa, ubeti unabaki. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia utamaduni ni ngoma za kuchezea wageni uwanja wa ndege. Kwa Abdilatif ulikuwa chombo cha kazi.

Wa tatu mnamjua wote, na hesabu yake ndiyo iliyonishtua zaidi. Julai 1977 riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, ilizinduliwa Nairobi. Ni kitabu kinachowachana matajiri wa Uhuru bila huruma. Nani alikizindua? Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo! Hakuna aliyekamatwa. Miezi michache tu baadaye, tarehe 2 Oktoba, wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walianza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Gĩkũyũ ambayo Ngũgĩ aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaigiza wenyewe, wakasahihisha maneno wenyewe. Watu walimiminika. Katikati ya Novemba leseni ikafutwa, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ akachukuliwa, akapelekwa Kamiti. Alikaa huko bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki. Naye pia aliandika kwenye karatasi za chooni, riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwa Gĩkũyũ.

Ukiweka Julai kando ya Desemba, jibu la swali la jamaa yangu linajitokeza lenyewe. Hasira ni ile ile, mwandishi ni yule yule, matajiri wanaochanwa ni wale wale. Kilichobadilika ni masikio. Riwaya ya Kizungu ya kurasa mia tatu na zaidi waziri angeweza kuinua glasi kwa ajili yake, maana kibarua wa mashamba ya chai hangeisoma. Lakini kibarua mwenyewe akisimama jukwaani na kusema kwa lugha yake jinsi shamba lake lilivyochukuliwa, hapo glasi inawekwa chini na karao wanaitwa.

Mwaka 1982 mambo yakazidi, sasa chini ya Moi. Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Wahadhiri wakachukuliwa mmoja mmoja, na kati yao alikuwemo Alamin Mazrui, aliyekuwa amechapisha tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka uliotangulia, kwa Kiswahili.

Basi nilimpelekea jamaa yangu hesabu hii nikidhani nimemmaliza. Wapi! Akaniuliza swali moja tu: "Na walipokuwa ndani, nani aliwapigia kelele, na kwa lugha gani?"

Hapo lazima nimpe haki yake. Mwaka huo huo wa 1982 iliundwa London kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe. Ngũgĩ, aliyekuwa ameenda huko kwa uzinduzi wa kitabu na kuonywa asirudi nyumbani, alikuwemo. Abdilatif Abdalla, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, alikuwemo. Na mwenyekiti je? John La Rose, mshairi na mchapishaji mzaliwa wa Trinidad. Kenya haikuwa kwao. Tangu 1966 alikuwa na duka na shirika la vitabu la New Beacon, lililochapa na kuuza kazi za watu weusi wakati wachapishaji wakubwa wa Uingereza walikuwa hawana habari nazo. Kuanzia mwaka huo wa 1982 yeye na wenzake waliandaa pia maonyesho ya vitabu vya watu weusi na Ulimwengu wa Tatu, yaliyoendelea hadi 1995. Watu hawa waliandika barua, wakachapa taarifa, wakaandamana. Na walifanya hivyo kwa Kizungu.

Nimefikiria sana kuhusu huyu La Rose. Mtu wa kisiwa cha Karibi anamtetea mtunzi aliyefungwa kwa tamthilia ya Kiswahili. Kwa nini? Naona alielewa kwamba mtu anayefungiwa lugha yake Nairobi na mtu anayeambiwa London kwamba weusi hawana fasihi wamekutana na mlango mmoja. Kwao, kuwa mtu mweusi kulikuwa pia kazi ya kufanya jioni baada ya kutoka kazini: kukunja taarifa, kulamba stempu, kusimama kwenye baridi na bango.

Na Abdilatif? Yeye ndiye ananifunza zaidi. Aliyeonja jela hakusema "mimi nimetoka, kila mtu na lwake." Alitoka, akaenda uhamishoni, na akaendelea kuwapigania wengine waliokuwa ndani. Siwati si neno la jela peke yake.

Nisikudanganye lakini, kelele haziokoi kila mtu. Ken Saro-Wiwa wa Nigeria aliandika Kizungu, tena riwaya yake ya Sozaboy aliiandika kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa cha mtaani. Dunia nzima ilimjua. Tarehe 10 Novemba 1995 alinyongwa pamoja na wenzake wanane wa Ogoni. Kwa hiyo hata ile bima ya Kizungu aliyonieleza jamaa yangu, siku nyingine hailipi.

Na wako walioshinda bila Kizungu. Februari 1992 kina mama, wengi wao wazee wa mashambani, walikuja Nairobi wakakaa Uhuru Park na kugoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Wangari Maathai alikaa nao. Waliimba nyimbo za dini na za kupigania haki. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi, Wangari akazirai. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya polisi, ile laana ambayo kila mwana wa Kiafrika anaijua bila kufasiriwa. Walipofukuzwa pale walihamia Kanisa la All Saints, na hawakuondoka. Kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wana wao wote walikuwa wametoka.

Utasema hayo ni ya zamani. Kweli, sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilifutwa mwaka 1997, na Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa sanaa waziwazi na kutaka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini Desemba 2024 mchoraji anayejulikana kama Kibet Bull, aliyekuwa akimkejeli rais kwa picha za vivuli, alitekwa, na hakuonekana hadi Januari 2025. Picha za vivuli, jamani. Hazina lugha hata moja, lakini kila mwenye simu alizisoma.

Aprili 2025 ikawa zamu ya wasichana wa shule ya Butere. Tamthilia yao, Echoes of War, ilizuiwa kuingia mashindano ya kitaifa, na mahakama ikaamuru warudishwe. Walipofika Nakuru, mwandishi wao, Cleophas Malala, alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Nje ya ukumbi polisi walitawanya watu kwa gesi ya kutoa machozi. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka na kuondoka. Tamthilia ile ilikuwa ya Kizungu. Kizungu cha 1977 kilikuwa cha waziri na glasi yake. Cha watoto hawa ni cha darasani, na nchi nzima ilikuwa ikiwasikiliza kwenye simu. Gesi ilirushwa pale pale walipokuwa wamesimama watu waliokuja kusikia.

Ndugu yangu Ngũgĩ wetu alifariki Mei 2025, mbali na Limuru, na magazeti yakajaa sifa kutoka kwa watu wa kila aina. Sifa kwa marehemu ni rahisi. Kazi iko kwa walio hai.

Kwa jamaa yangu wa Jumamosi, jibu langu sasa ni hili. Nitaandika Kiswahili, Kimvita kikinijia nitakiacha kije, kwa sababu masikio ninayoyataka yako kwenye matatu na barazani. Wewe endelea na Sheng yako. Lakini yeyote kati yetu akichukuliwa, au mtunzi wa Kampala, au wa Dar, au wa mahali ambapo hatuijui lugha yake hata neno moja, hapo tusiulizane lugha. Tutafasiri, tutaandika barua, tutasimama na bango, kwa Kizungu kama ndicho kitakachosikika. Tumekubaliana kwamba kila mkutano wetu utaanza kwa kazi ya mtunzi mmoja aliyeko ndani, isomwe kwa sauti, jina lake litajwe. Na ninyi wenye vikundi Kisumu, Mombasa, Eldoret, fanyeni vivyo hivyo, kisha mtuandikie mlimsoma nani.